Mwalimu aliyeshindwa mara 60

Kila mwaka michezo ya shule na vyuo inapomalizika nchini, hesabu inayotangazwa huwa ni moja tu: nani amenyakua kombe na nani amerudi nyumbani mikono mitupu. Mwalimu wa timu iliyoshinda hubebwa juu juu, na mwenzake aliyeshindwa huanza kutafutiwa mrithi kabla vumbi la uwanja halijatulia. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini ni fupi mno, na aghalabu hutusahaulisha sababu iliyokifanya chuo kiwe na timu tangu mwanzo.

Nimeazimia leo kumsimulia msomaji maisha ya mtu ambaye hesabu hiyo ingemtupa jalalani. James Naismith ndiye aliyeubuni mpira wa vikapu mwaka 1891. Ndiye pia aliyeanzisha timu ya mchezo huo katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikofika mwaka 1898, na akaiongoza hadi mwaka 1907. Katika muda huo timu yake ilishinda mara 55 na kushindwa mara 60. Walimu wakuu wote waliomfuata katika chuo hicho wameondoka na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hivyo basi, mwalimu pekee wa Kansas ambaye kushindwa kwake kunazidi kushinda ni yule yule aliyeuumba mchezo wenyewe.

Hata hivyo, uwanja wa chuo hicho unaitwa kwa jina lake, na mji wa Lawrence, kilipo chuo, unamhesabu kuwa mzee wake hadi leo. Kwa nini? Swali hili si la Wamarekani peke yao. Mimi ni mzawa wa Isiolo, na ninaamini kwamba jawabu lake linatuhusu sana sisi tunaotamani vyuo vikue katika mji wetu, bila ya kujiuliza vyuo hivyo vitaishi vipi na mitaa inayovizunguka.

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, Kanada, katika familia ya wahamiaji wa asili ya Uskoti. Mwaka 1870, alipokuwa angali mtoto, homa ya matumbo iliwaua baba na mama yake. Alilelewa na nyanya yake, na baada ya huyo naye kufariki, akabaki mikononi mwa mjomba wake, Peter Young. Huyu alikuwa mjomba hasa, ndugu wa mama, kama neno letu linavyotaka. Na kama wajomba wengi wa vijijini, alimlea mtoto kwa jembe na shoka. Kijana aliacha shule akaenda kukata miti katika misitu ya Kanada, kisha akajirudi, akamaliza masomo ya sekondari na kuingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal.

Tukiwa bado utotoni mwake, kuna mchezo mmoja unaofaa kutajwa. Watoto wa kijiji chao walikuwa wakiweka jiwe dogo juu ya jabali, kisha wakasimama mbali na kulilenga kwa mawe yao ili waliangushe. Aliyerusha kwa nguvu na kukosa, jiwe lake lilikwenda mbali, akalazimika kulikimbilia huku akifukuzwa. Aliyerusha polepole, jiwe likapanda juu na kushuka taratibu, alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Mchungaji yeyote wa Garba Tulla au Merti aliyewahi kushindana na wenzake kulenga mawe angeuelewa mchezo huo bila ya kuelezwa. Naismith aliuhifadhi akilini, na miaka mingi baadaye ukamfaa.

Huko Montreal alisomea dini ili awe kasisi. Papo hapo alikuwa mchezaji hodari wa michezo ya nguvu, jambo lililowasumbua baadhi ya wakubwa wake, kwani wakati huo wacha Mungu wengi waliiona michezo kuwa ni mlango wa shetani. Yeye alifikia uamuzi tofauti. Aliona kuwa kijana asiyekanyaga kanisani anaweza kufikiwa uwanjani, na kwamba kumfundisha mtu kujizuia anapokasirishwa mchezoni ni mahubiri kamili. Kwa hiyo mwaka 1890 alihamia Springfield, katika jimbo la Massachusetts, kwenye chuo cha chama cha vijana Wakristo, yaani YMCA, kilichokuwa kikifunza walimu wa michezo.

Majira ya baridi ya mwaka 1891 yalikuwa na tatizo. Nje kulijaa theluji, na ndani ya ukumbi wanafunzi walichoshwa na mazoezi ya viungo yasiyo na ushindani. Darasa moja la wanafunzi 18 lilikwisha kuwashinda walimu wawili. Mkuu wa idara, Luther Gulick, alimkabidhi Naismith darasa hilo na kumpa majuma mawili abuni mchezo mpya wa ndani, usio na hatari ya kuvunjana mifupa.

Jinsi alivyolitatua tatizo hilo yatuonyesha akili ya mtafiti. Kwanza alijaribu kuingiza ndani michezo iliyokuwapo, wachezaji wakaumizana. Ndipo alipojiuliza vurugu zinatoka wapi. Akaona kwamba mchezaji hukamatwa na kuangushwa kwa sababu anakimbia na mpira. Basi mwenye mpira asikimbie nao. Tena akaona kwamba goli lililo chini humchochea mtu kupiga kwa nguvu zote. Basi goli liwe juu ya vichwa, na mdomo wake uelekee mbinguni, ili mpira urushwe kwa ulaini kama lile jiwe la utotoni. Alimwomba mtunza jengo, Bwana Stebbins, masanduku mawili. Stebbins hakuwa nayo, akamletea vikapu viwili vya kutilia matunda ya pichi. Vikapu hivyo vilipigiliwa misumari kwenye roshani ya ukumbi, upande huu na upande ule, kwa kimo cha futi 10, ambacho ni sawa na mita 3.05. Kimo hicho hakijabadilika mpaka leo. Sheria 13 zikapigwa chapa na kubandikwa ubaoni. Tarehe 21 Desemba 1891 wanafunzi tisa walipambana na tisa wenzao, na siku nzima likafungwa bao moja tu.

Kama mwanaisimu, siwezi kulipita jina la mchezo huu hivi hivi. Mwanafunzi mmoja alipendekeza uitwe kwa jina la mwalimu wake. Naismith alicheka na kukataa, ukaitwa kwa jina la kikapu. Baada ya miaka michache vikapu vya pichi viliondolewa, zikaja pete za chuma na nyavu zisizo na kitako, lakini kikapu kikabaki katika jina. Ndiyo tabia ya maneno: hudumu baada ya vitu kutoweka. Watanzania wamezoea kusema mpira wa kikapu, nasi Wakenya aghalabu husema mpira wa vikapu, kana kwamba twakumbuka kuwa Stebbins alileta viwili. Vyovyote iwavyo, jina limekisifu chombo cha mkulima na kuliacha jina la mvumbuzi lipotee, naye ndivyo alivyotaka.

Mchezo ulienea upesi ajabu, kwani wanafunzi wa Springfield walikuwa wakitumwa sehemu nyingi za dunia. Katika miaka michache ulifika Uchina, Uhindi na Japani. Wanawake nao hawakungoja kualikwa. Walimu wa kike wa shule iliyokuwa jirani walifika ukumbini wakautazama, wakaomba kuucheza. Mmoja wa wanawake wa mwanzo kuucheza alikuwa Maude Sherman, ambaye Naismith alimwoa mwaka 1894. Walijaliwa watoto watano.

Mvumbuzi mwenyewe hakukaa kuuchunga uvumbuzi wake. Alihamia Denver, akawa mchana mwalimu wa mazoezi na wakati huo huo mwanafunzi wa utabibu, na mwaka 1898 akahitimu kuwa daktari. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kansas kilikuwa kikitafuta mtu wa kuongoza ibada za wanafunzi na kuwafunza mazoezi ya mwili. Kwa nadra sana kazi mbili hizo huweza kufanywa na mtu mmoja, lakini Naismith alikuwa amezisomea zote.

Hapa inafaa tuutazame mji aliouingia. Lawrence ulianzishwa mwaka 1854 na walowezi waliopinga utumwa, katika jimbo lililokuwa mpaka baina ya wenye kuutetea na wenye kuupinga. Tarehe 21 Agosti 1863, alfajiri, wapanda farasi wa Quantrill, waliokuwa upande wa utumwa, waliuvamia mji huo. Waliwaua wanaume na wavulana wapatao 150, wakazichoma moto nyumba na maduka. Wajane walikuwa bado wanaomboleza chuo kikuu kilipofungua milango yake mwaka 1866. Kwa hivyo chuo hicho kilijengwa na mji wenye kovu, nacho kikawa sehemu ya kuuguza kovu hilo.

Msomaji wa Isiolo atakuwa amekwisha kuona ninakoelekea. Miaka 100 kamili baada ya maafa ya Lawrence, Juni 1963, aliuawa Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, ambaye jina lake limebaki katika wadi mojawapo ya mji wetu. Vita vya Shifta vikafuata hadi mwaka 1967, watu wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa, mifugo ikaangamia. Sheria za hali ya hatari hazikuondolewa kaskazini mwa Kenya hadi mwaka 1991. Sisi pia ni mji wa mpakani, na kovu letu ni bichi kuliko lao.

Turudi Kansas. Chuo hakikuwa na ukumbi wa michezo unaofaa, na timu ya Naismith ilicheza popote palipopatikana, hata katika ukumbi wa mjini uliojengwa kwa ajili ya watu kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Mechi ya kwanza, tarehe 3 Februari 1899, ilikuwa dhidi ya vijana wa YMCA wa Kansas City. Walioufundishwa mchezo na mvumbuzi wake walishindwa kwa pointi 16 kwa 5. Mara nyingine yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa refa katika mechi za timu yake, na haisemekani kwamba aliipendelea. Ukumbi wa kweli, ulioitwa Robinson, ulifunguliwa mwaka 1907, wakati ambao yeye alikuwa akiuachia uongozi wa timu mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa mwanafunzi wake, Forrest Allen. Baina ya wawili hawa kulikuwa na hitilafu ya mawazo ambayo haijaisha mpaka leo katika michezo ya vyuo. Naismith aliamini kwamba mpira wa vikapu ni wa kuchezwa tu, na kwamba vijana wakishajua sheria waachwe waamue wenyewe. Allen aliamini kwamba ni elimu, na elimu hufundishwa. Allen aliiongoza Kansas kwa miaka 39 kwa jumla, akashinda mechi 590, na mwaka 1952 akachukua ubingwa wa vyuo vya Marekani. Katika wanafunzi wake walitoka Adolph Rupp, aliyeijenga timu ya Kentucky, na Dean Smith, aliyeijenga ile ya North Carolina. Ukifuata silsila ya walimu wakubwa wa mchezo huu wa vyuo, kama tufuatavyo isnadi ya wanazuoni, wengi utawafikisha kwa Allen, na kutoka kwa Allen utafika kwa yule aliyeshindwa mara 60.

Naismith hakuonyesha wivu. Alibaki chuoni miaka mingine 30, akiwapima wanafunzi afya zao, akiwafunza usafi wa mwili, mieleka na mchezo wa vitara. Mwaka 1916 alikwenda na kikosi cha Kansas kwenye mpaka wa Mexico akiwa kasisi wa jeshi, na kuanzia mwaka 1917 hadi 1919 alikuwa Ufaransa akiwahudumia wanajeshi kwa niaba ya YMCA. Alichukua uraia wa Marekani mwaka 1925. Wenyeji wa Lawrence walimjua kuwa daktari, kasisi na jirani. Mchezo wake ulikuwa jambo moja tu katika mambo mengi.

Lakini maisha ya mtu mwema yasisimuliwe kana kwamba hayakuwa na kasoro za zama zake. Mwaka 1933 alifika chuoni kijana mweusi aliyeitwa John McLendon, mzaliwa wa mji wa Hiawatha katika jimbo hilo hilo la Kansas. Baba yake alikuwa amemwelekeza amtafute Naismith, akamtafuta. Mzee alimpokea, akawa mshauri wake wa masomo, akampitisha katika shahada ya elimu ya michezo ambayo hakuna mweusi aliyekuwa ameisoma hapo kabla. Palipokuwa na upinzani juu ya mweusi kuingia katika bwawa la kuogelea la chuo, McLendon aliingia, na mzee alisimama upande wake. Hata hivyo, timu ya mpira wa vikapu ya chuo haikumpokea. Mji ulioanzishwa na wapinzani wa utumwa ulikuwa na timu isiyomruhusu mjukuu wa watumwa kuuvaa mshipi wake.

Ilikuwaje basi? McLendon aliusoma mchezo kwa mvumbuzi wake darasani na ofisini, akafanya mazoezi ya ualimu kwa vijana weusi wa sekondari mjini Lawrence, akahitimu mwaka 1936 na kwenda zake. Huko North Carolina akawa mwalimu wa chuo cha weusi. Tarehe 12 Machi 1944, mlango ukiwa umefungwa na bila ya watazamaji, kwa kuwa sheria za ubaguzi zilikataza, timu yake ilicheza na timu ya wanafunzi weupe wa utabibu wa Duke, ikaishinda kwa pointi 88 kwa 44. Baadaye, akiwa Tennessee, alichukua ubingwa wa taifa wa vyuo vya chama cha NAIA mara tatu mfululizo, mwaka 1957, 1958 na 1959. Mchezo wa kasi unaotuburudisha leo una deni kubwa kwake. Kansas ilipata mchezaji wake wa kwanza mweusi, LaVannes Squires, mwaka 1951, na miaka minne baadaye akaja Wilt Chamberlain. Ilikuwa imekwisha kumkosa McLendon.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha makala haya. Wema wa mtu mmoja unaweza kumfungulia kijana mmoja mlango wa darasa. Lakini lango la chuo ni jambo jingine. Hilo hufunguliwa kwa kanuni, wala si kwa huruma. Naismith alitenda lililokuwa ndani ya uwezo wa mkono wake, na chuo chake kikashindwa kutenda lililokuwa ndani ya uwezo wa chuo. Katika vipigo vyote vya Kansas, naona hicho ndicho kikubwa zaidi, japo hakimo katika daftari la matokeo.

Mwaka 1936 mpira wa vikapu uliingia rasmi katika michezo ya Olimpiki, mjini Berlin. Mzee wa miaka 74 hakuwa na nauli. Hapo ndipo jamii aliyoihudumia ilipomkumbuka. Kote Marekani vyuo, shule na vilabu vilitenga senti moja katika kila tikiti ya mechi zao, na senti hizo zikamfikisha Ujerumani. Aliziona bendera za mataifa zaidi ya 20, Misri ikiwemo kutoka bara letu. Fainali ilichezwa nje, juu ya udongo wa uwanja wa tenisi, mvua ikinyesha. Katika tope hilo mpira haukudunda, na Marekani ikaifunga Kanada pointi 19 kwa 8. Nchi aliyochukulia uraia ilikuwa imeishinda nchi aliyozaliwa, naye ndiye aliyewatunuku washindi medali zao.

Alistaafu mwaka 1937, mwaka ambao pia alimpoteza mkewe Maude. Alifariki mjini Lawrence tarehe 28 Novemba 1939, akiwa na miaka 78, na akazikwa huko huko. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Naismith alicheza ugenini, akakaa mpaka ugeni ukawa kwao, na akatunzwa. Mchezo wake haukumtajirisha. Karatasi mbili alizozipiga chapa sheria zake 13 ziliuzwa katika mnada Desemba 2010 kwa zaidi ya dola milioni 4. Aliyezinunua, mhitimu wa Kansas, alizirudisha chuoni, na tangu mwaka 2016 zimewekwa katika jengo lililo kando ya uwanja, mahali ambapo mwanafunzi na mwenyeji wa mji waweza kuzitazama pamoja.

Sasa natua Isiolo. Katika miaka ya karibuni mji wetu umeunganishwa na Moyale kwa lami, na kiwanja chake cha ndege kilizinduliwa mwaka 2017. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti ina watu 268,002, na kama ilivyo kote nchini, vijana ndio wengi. Elimu ya juu nayo inakuja, na inapokuja, kitu cha kwanza kujengwa huwa ni ukuta. Simlaumu anayejenga ukuta katika mji uliowahi kusikia milio ya bunduki, hata mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012, majirani walipofukuzana makwao. Ninachouliza ni lango litakuwa upande gani, na litafunguliwa saa ngapi.

Neno lenyewe chuo latukumbusha wajibu wetu. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa ni kitabu, kisha kikawa mahali pa kusomea kitabu, nalo lilikuwa ni baraza la mwalimu, mtaani, mbele ya macho ya watu. Mtoto wa jirani alikaa mkekani na mtoto wa mwalimu. Chuo kilichojitenga na mtaa ni kitu kigeni katika lugha yetu kabla hakijawa kigeni katika mji wetu.

Pendekezo langu ni dogo na gharama yake si kubwa. Kila chuo kinachojengwa Isiolo kiwe na uwanja wa mpira wa vikapu, na uwanja huo uwe ukingoni, upande wa barabara, uwe na lango lake lenyewe litakalofunguliwa kwa vijana wa mji kuanzia saa kumi alasiri. Uwanja huo ni saruji ya mita 28 kwa 15, nguzo mbili na pete mbili. Hauhitaji nyasi, na kwa hiyo hauhitaji maji, neema ambayo sisi wa nchi kavu hatuna ya kumwaga. Wasichana wapewe siku na saa zao, zilizoandikwa katika ratiba, wasiachiwe makombo ya muda. Wanafunzi wa chuo wanaosomea ualimu wawe ndio waamuzi na wafundishaji, na kazi hiyo ihesabiwe katika masomo yao.

Zaidi ya yote, timu zisiundwe kwa mitaa. Kila mwenyeji anajua kwamba hapa kwetu kutaja mtaa mara nyingi ni kutaja kabila kwa adabu. Timu tano zikitoka Bulla Pesa, Wabera, Kambi Garba, Kiwanjani na Kambi ya Juu, tutakuwa tumegawana jezi kwa mistari ile ile iliyotugawa siku za mapigano. Majina yachanganywe, yapigiwe kura, Mborana apangwe na Mturkana, Mmeru na Msomali, Msamburu na yeyote atakayebaki. Mchezo huu unamkataza mtu kukimbia na mpira peke yake. Hana budi kuudundisha mbele ya macho ya wote au kumpa mwenzake. Hiyo ndiyo sheria aliyoifikiria yatima wa Almonte ili watu waache kuumizana, na sijui mji unaoihitaji kuliko wetu.

Wakuu wa vyuo na wa kaunti watapenda kuuliza timu kama hizo zitashinda makombe mangapi. Huenda zisishinde hata moja katika miaka tisa ya mwanzo. Naismith hakushinda mengi katika tisa zake. Basi na iwekwe hesabu ya pili kando ya ile ya makombe: ni vijana wangapi wa mjini waliingia langoni mwaka huu, kutoka jamii ngapi, na wasichana walikuwa wangapi. Chuo kitakachoweza kuijibu hesabu hiyo bila ya kuona haya kitakuwa kimefanya ambalo Kansas haikulifanya McLendon alipobisha hodi.